Chupa ya Januari kutoka Bwera

Maji ya mvua hayana uzito mmoja. Nilipolisema jambo hili kwa mara ya kwanza katika mwalo wa wavuvi wa Kahendero, nikiwa nimelala chali chini ya mizani ya samaki iliyokwama, mwenye mizani aliniambia nimalize kazi yake kwanza kabla jua la Ziwa George halijaniharibu kichwa kabisa. Nilimaliza kazi yake. Lakini jambo lenyewe ni kweli, na limekuwa sehemu ya maisha yangu kiasi kwamba siwezi kusimulia miaka yangu ya karibuni bila kuanzia hapo.

Mimi ni fundi wa mizani. Natengeneza za samaki Kahendero, za pamba Muhokya, za maharage na kahawa huko Bwera karibu na mpaka, na za maduka ya mjini Kasese. Sikusoma mbali. Nilichojua baadaye nilikijua kwa kusoma mwenyewe, jioni, vitabu vya shule vya watoto wangu kwanza, kisha vya wengine, nikirudia ukurasa mmoja hadi unikubali. Nilianza na mvua kwa sababu kila mtu katika Rukoki, pembeni ya mji wa Kasese, ninakoishi, alikuwa akisema kwamba misimu imebadilika, na hakuna aliyeweza kuniambia imebadilika kwa kiasi gani wala upande gani. Mtu wa mizani hapendi maneno kama "mvua siku hizi ni kidogo". Kidogo kuliko nini? Nikatengeneza kipimo cha mvua, nikakiweka uwanjani kwangu, nikawa nasoma kila asubuhi. Majirani walinicheka. Mmoja aliuliza kama mvua ikipimwa haipungui.

Kipimo hicho ndicho kilichomleta daktari. Ninamwita daktari ingawa hatibu mtu. Ni mtaalamu wa tabianchi anayefundisha Kampala, mwanamke mwenye maneno machache na viatu vya kutembelea. Alikuwa anatafuta mtu wa Kasese anayeshughulika na mvua bila kuambiwa na mtu. Alikaa kwenye benchi langu la kazi, katikati ya vyuma na springi, akanieleza kitu ambacho hakikuwa katika vitabu vya watoto wangu.

Alisema kwamba katika maji yoyote, chembe chache huwa na haidrojeni au oksijeni iliyo nzito kidogo kuliko ya kawaida. Hizo huitwa isotopu, na anazozifuata yeye ni tulivu, yaani hazivunjiki wala hazitoi mionzi. Zipo tu, nzito kati ya nyepesi. Wingu linaponyesha, nzito hutangulia kushuka. Wingu lililosafiri mbali na kunyesha sana njiani hufika likiwa limebaki na nyepesi. Mvua kubwa ya dhoruba pana huwa na maji mepesi. Manyunyu ya kiangazi, ambayo nusu yake hukauka hewani kabla ya kugusa vumbi, huwa mazito. Kwa hiyo chupa ya mvua ya mwezi mzima, ikipimwa katika mashine nzuri, inaweza kueleza mawingu ya mwezi huo yalipitia nini kabla ya kutufikia. Ukizipanga chupa hizo mwaka baada ya mwaka, unaanza kuona jinsi misimu yetu inavyoyumba, na pengine kwa nini.

Nilimuuliza kama mizani yangu iliyo bora kabisa inaweza kuona tofauti hiyo. Alicheka kwa mara ya kwanza. "Hapana, fundi. Hata usijaribu."

Chombo chenyewe ni rahisi. Ni faneli juu ya nguzo, kutoka hapo mrija mwembamba unashuka ndani ya chupa hadi chini kabisa, ili maji yaliyoingia yasikutane na hewa na kukauka. Kukauka ndiko adui mkubwa, maana nyepesi hutangulia kuruka na kuacha nzito nyuma, na chupa inaanza kusema uongo. Mwisho wa mwezi unafungua chupa, unaifunga kwa kifuniko kigumu, unaipima uzito, unaweka nyingine. Kifuniko cha Kasese ni cha buluu. Kazi hii niliifanya uwanjani kwangu kwa miaka kadhaa bila chupa hata moja kukataliwa.

Kisha daktari akataka chupa ya pili, karibu na Kongo.

Kasese na Bwera haziko mbali, lakini mvua zake si dada. Kasese iko bondeni kwenye joto, mlima wa Rwenzori unaikinga na mvua nyingi. Bwera iko kwenye miguu ya mlima upande wa mpaka, na mawingu yanayotoka katika msitu wa Kongo huifikia kwanza. Daktari alitaka kuzilinganisha. Mimi nilikuwa naenda Bwera kila mwezi kwa ajili ya mizani za soko, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa kupata uwanja: mpana, usio na miti, wenye uzio wa kuzuia mbuzi, na mwenyewe awe mtu makini.

Nilimpata kupitia mizani. Alikuwa mama kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, mfanyabiashara wa mawese na vitenge, aliyevuka na familia yake vita vilipowafikia na akabaki. Nilikuwa nimetengeneza mizani yake, na alikuwa mteja pekee katika soko lile aliyenilalamikia kwamba mizani inampendelea yeye mwenyewe. Nikasema huyu anafaa.

Tulisimamisha nguzo mwezi Septemba, mvua zilipoanza. Akauliza kazi yake itakuwa nini.

"Hakuna, mama," nikasema. "Usiiguse tu. Watoto wasiiguse, kuku wasipande juu. Mwisho wa mwezi nitakuja kuchukua chupa yangu."

"Kazi ya kukosa kufanya kitu!" akasema, akapiga makofi. "Hiyo iko kazi ya bakubwa. Leo nimepanda cheo."

Tangu siku hiyo safari zangu za Bwera zilikuwa na mizigo miwili. Mmoja ulikuwa chupa. Mwingine ulikuwa bakuli la plastiki lenye kifuniko ambalo mke wangu alilijaza samaki wakavu wa Kahendero kwa ajili ya "mama wa Bwera". Bakuli lilirudi na maharage. Mwezi uliofuata lilienda na samaki, likarudi na unga wa muhogo, kisha na matunda ya pasheni. Wanawake hawa wawili hawakuwa wamewahi kuonana. Walijuana kwa bakuli.

Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba: chupa nne zenye kifuniko chekundu, zote zimejaa vizuri. Kisha ikaja Januari.

Januari hiyo ilikuwa kavu. Kule Rukoki chupa yangu ilikuwa na maji ya kulowesha kijiko. Pikipiki yangu ilifika Bwera ikiwa na rangi ya barabara. Nilipoinama kwenye nguzo ya mama nikakuta chupa ina maji hadi zaidi ya nusu.

Nilifurahi. Bwera hupata mvua zaidi kuliko sisi, hilo nililijua, na hapakuwa na kipimo kingine uwanjani pale cha kunipa shaka. Chupa yenyewe ndiyo ilikuwa kipimo. Nikamwambia mama kwamba mlima umewapendelea.

"Mungu alisaidia," akasema, akaingia jikoni kuniletea bakuli la mke wangu.

Nje ya mji kulikuwa na kizuizi cha barabarani. Askari kijana aliinua mkono.

"Simama! Shuka! Hiyo nini?"

"Maji ya mvua, afande."

"Ya nini?"

"Ya kupima."

"Mvua ya lini?"

"Ya mwezi huu, afande. Ya hapa Bwera."

Aliangalia chupa, akaangalia mbingu, akaangalia buti zake zilizokuwa nyeupe kwa vumbi. "Mimi nasimama hapa mwezi mzima," akasema. "Hiyo mvua ilipita wapi? Nani aliipa ruhusa?" Mwenzake aliyekaa kivulini akaanza kucheka. Yule kijana akaendelea: "Hiyo ni pombe ya waragi. Fungua. Kunywa!"

"Afande, nikiifungua inaharibika. Nikiinywa itabidi ningoje Januari nyingine."

"Utangoja. Una haraka gani?"

Lakini alikwisha kuridhika na mzaha wake. Alinusa kifuniko, akanirudishia. "Nenda na mvua yako. Ukifika Kasese uwaambie watunyeshee na sisi."

Nilicheka naye, nikawasha pikipiki. Chupa zote za Bwera, pamoja na za kwangu, zikapanda basi kwenda Kampala wiki hiyo hiyo.

Simu ya daktari ilinikuta Muhokya, kwenye ghala la pamba. Ilikuwa Februari, karibu na mwisho.

"Fundi, sogea mahali pasipo na kelele."

Nikatoka nje. Akaniambia kwamba chupa ya Kasese ya Januari ni nzito, kama mtu angetegemea kwa manyunyu ya kiangazi. Chupa ya Bwera ya Januari ni nyepesi. Siyo nyepesi kidogo. Imekaa pamoja na za Oktoba na Novemba, kama maji ya dhoruba kubwa.

"Ni moja kati ya mawili," akasema. "Huenda dhoruba kubwa kutoka Kongo zilivuka mpaka katikati ya kiangazi, zikanyesha Bwera, zikaishia hapo bila nyinyi wa Kasese kupata kitu. Kama ni hivyo, sijaona mtu aliyeandika jambo la namna hiyo kuhusu upande wenu, na ni jambo kubwa. Au chupa ina kasoro."

"Na kama ina kasoro?"

"Kama ina kasoro na tunaijua, naitupa hiyo moja. Kama hatuijui, siwezi kuamini hata ile ya Novemba. Itabidi niiondoe Bwera yote, na sitaendelea nayo."

"Yote, daktari?"

"Wewe ungefanyaje? Mizani ya mteja ikikosea mara moja, umeifungua, umetafuta, hukuona sababu?"

Sikuwa na pa kujificha. "Ningeifunga," nikasema. "Nisingeiruhusu irudi sokoni."

"Basi nitafutie sababu kabla sijaandika. Mvua za Machi zikianza nataka niwe najua kama nina kituo Bwera au sina."

Nilirudi kwenye mizani ya pamba nikaimaliza, maana kazi iliyoanzwa haiachwi wazi. Lakini jioni niliweka mambo mezani moja moja. Kukauka? Kukauka kungeyafanya maji yawe mazito, na haya yalikuwa mepesi, hapana. Chupa kubadilishana? Vifuniko ni vya rangi mbili, na uzito wa kila chupa niliuandika mwenyewe, hapana. Umande? Umande haujazi nusu chupa. Nilivyozidi kufuta, ndivyo ile dhoruba ya Kongo ilivyozidi kubaki peke yake, na nasema wazi kwamba niliipenda. Ningependa iwe kweli. Mtu hapimi maji miaka yote hiyo bila kutamani siku moja maji yaseme jambo jipya.

Kilichonizuia kilikuwa buti za yule askari. Mtu aliyesimama barabarani mwezi mzima ni kipimo kizuri cha mvua, na yeye hakuwa na sababu ya kunidanganya. Dhoruba ya kujaza nusu ya chupa ile ingemlowesha. Nikaamua kwenda Bwera kesho yake. Mke wangu hakuuliza kwa nini naenda kabla ya mwisho wa mwezi. Alijaza bakuli.

Mama alikuwa jikoni, nje kulikuwa na joto la kunata, na upande wa Kongo mawingu yalikuwa yameanza kujipanga kama yanavyofanya Machi inapokaribia. Tulisalimiana kirefu. Nikampa bakuli. Akamwaga samaki kwenye sinia, akalisuuza bakuli kwa maji kidogo, akalifuta kwa upindo wa kitenge, akachukua kikombe na kuanza kupima maharage ndani yake. Haya yote aliyafanya huku akiniuliza habari za nyumbani.

Nilikuwa na akili yangu kwenye nguzo, nataka tuanze. Nikasema, "Mama, leo nina haraka. Bakuli lirudi tu hivyo hivyo."

Akaacha kupima. Aliniangalia kama nimemwambia nitarudi Kasese bila shati.

"Bule? Nirudishe bakuli ya mama wa Kasese bule, bila kitu? Atasema nini? Atasema ule mama wa Bwera alikulia wapi, kwao hakuna batu?"

"Hatasema."

"Hatasema na kinywa. Atasema na roho."

Ni desturi ambayo mke wangu naye anaishika, na mama yangu aliishika, na mimi nimebeba mabakuli ya watu tangu nilipoweza kutembea bila hata mara moja kurudisha tupu. Nilikuwa nimeiona kila mwezi ikipita mikononi mwangu. Nikageuza kichwa. Pembeni ya jiko, chini ya mabati, lilikuwepo tangi dogo jeusi la mama la kukingia maji.

"Mama," nikasema. "Na chupa yangu?"

"Chupa gani?"

"Ile ya Januari."

Alimalizia kwanza kikombe kilichokuwa mkononi. Kisha akasema bila kuficha lolote:

"Ile ilikuwa bule kabisa, papa. Vumbi, na kadudu kamoja kalikufa mule. Nikasema, huyu mutu atatoka Kasese na pikipiki, jua hivi, anakuya kuchukua chupa yake, nimupatie hewa? Nilisikia haya. Nikachota ku tangi."

"Ukamimina wapi?"

"Mule mule mwenye mvula inapitaka," akaionyesha faneli kwa kidole. " Polepole, sikumwanga hata kidogo." Alisema hili kwa fahari ya mtu aliyefuata taratibu. "Chupa yenyewe sikugusa. Uliniambia nisiguse."

"Na miezi mingine?"

"Miezi mingine mvula ilinyesha! Ningeongeza ya nini? Chupa ilijaa yenyewe."

Sikukasirika. Nilichohisi ni kile ninachohisi ninapoinua sahani ya mizani iliyosumbua siku nzima na kukuta kokoto chini yake. Dhoruba za Kongo zilikuwa zimetoweka, na nilizisikitikia kwa muda mfupi. Lakini kokoto ni kitu kizuri, kwa sababu mizani yenye kokoto si mbovu.

"Mama, maji ya tangi si ya Januari," nikasema.

"Si mvula?"

"Ni mvua."

"Ilitoka juu, ikapita ku mabati, ikaingia mule. Iko mvula ya Mungu ile ile. Ama Mungu iko na mvula mbili?"

Nikamweleza. Si kwa haraka. Nilikaa kwenye kigoda nikamweleza kama daktari alivyonieleza mimi, nzito na nyepesi, wingu linalotangulia kumwaga nzito, na kwamba mvua ya Novemba ina alama yake na manyunyu ya Januari yana yake. Alisikiliza vizuri, maana ni mtu anayeuza mawese na anajua kwamba mafuta ya juu ya pipa na ya chini ya pipa si mamoja. Mwishoni akauliza:

"Sasa wewe ulitaka nikupatie bule?"

"Ndiyo. Nilitaka bule. Chupa tupu nayo ni jibu, mama. Inasema hapakunyesha."

"Bazungu beko na mambo!"

"Daktari si Mzungu. Ni mtoto wa Fort Portal, hapa jirani."

"Basi bamemuharibu mapema."

Akacheka, kisha kicheko kikakatika, akaangalia nguzo pale uwanjani. "Na sasa bataing'oa?" akauliza. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Kwamba kama tukishindwa kuthibitisha, itang'olewa. Alilifunika lile bakuli la maharage, akakibonyeza kifuniko pande zote.

"Tangu nivuke, papa," akasema, "hii iko kitu ya kwanza mutu wa huku aliniachia nilinde."

Ndipo nilipojua kwamba kuamini maneno yake hakutoshi, kwake wala kwangu. Daktari angeniuliza: umepima? Maneno ya mama yalieleza kila kitu, lakini kitu kilichoeleza kila kitu bado si kipimo. Nilihitaji maji yale yale ya tangi. Nikamuuliza kama yapo.

"Yamebaki kidogo chini. Koki haiyafikie."

Tangu Desemba hapakuwa na mvua ya kuingiza maji mapya mle ndani. Hilo nalo nilimuuliza, na akaapa kwa rozari yake. Lakini mawingu ya upande wa Kongo yalikuwa pale juu ya mabati. Mvua moja nzuri ikinyesha usiku huo, maji ya zamani na mapya yangechanganyika, na hakuna mashine Kampala ambayo ingeyatenganisha kwa uhakika.

Tukaliinamisha tangi. Yeye alishika upande mmoja, mimi mwingine, tukaweka mawe chini yake, tukalisukuma hadi maji yaliyobaki yakakusanyika kwenye mdomo wa koki. Yalitoka machafu kidogo, na chembe za kutu ya bati.

"Muangalie!" akawaita majirani waliokuwa wanatuchungulia kwenye uzio. "Nilimupatia maji masafi ku chupa, akayakataa. Sasa anayatafuta ku matope!"

"Huyo ni mganga wa mvua," mmoja akajibu. "Mwache, mama, atatuletea."

Nilichuja maji kwa kitambaa safi, nikajaza chupa ndogo hadi mdomoni pasibaki hewa, nikaifunga, nikaifunga tena kwa utepe. Mama akachukua bakuli la maharage akaniwekea kwenye pikipiki. Nilifika Rukoki salama. Mvua ya kwanza ya Bwera ilinyesha siku mbili baadaye, alinipigia simu kunijulisha, na nyuma ya sauti yake nilisikia mabati yakipigwa.

Daktari alipima maji ya tangi ndani ya wiki chache. Wakati nangoja nilifanya hesabu yangu mwenyewe. Nilikuwa na uzito wa zile chupa nne za Septemba hadi Desemba, na daktari alikwishanipa vipimo vyake. Kama tangi lilikusanya mvua za miezi ile ile, basi maji yake yanapaswa kukaa mahali ambapo chupa hizo nne zingekaa zikimwagwa pamoja, kila moja kwa uzito wake, Novemba ikivuta zaidi kwa sababu ndiyo iliyonyesha zaidi. Nilipata nambari moja. Nikaiandika kwenye karatasi, nikaiweka chini ya jiwe la kupimia, nikaendelea na kazi.

Alipopiga simu, daktari hakusema sogea kando.

"Januari na tangi ni maji yale yale," akasema. "Huwezi kupitisha unyoya katikati yake."

Nikamsomea nambari yangu. Nikasikia akibonyeza kitu.

"Nami nimeifanya hesabu hiyo," akasema. "Tumetofautiana kidogo sana, ndani ya kosa la mashine. Unajua maana yake, fundi?"

Nilijua. Tangi lilikuwa limekinga mvua ile ile kwa njia yake, bila kujua kuna chupa, na lilikubaliana na chupa. Chupa za Septemba hadi Desemba zilikuwa zimethibitika.

"Bwera inabaki," akasema. "Januari naiandika kama ilivyokuwa: hapakunyesha. Weka na kipimo cha mvua pale, na huyo mama akubali kukisoma kila asubuhi."

"Atakubali. Na zile dhoruba za Kongo?"

"Nilikuwa nimeshaandika aya ya kwanza." Akashusha pumzi. "Nimeifuta."

Mama alikubali kabla sijamaliza sentensi. Alisoma kipimo kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, na akanitumia kwa simu, kila siku, hata siku ambazo hakukuwa na kitu. Hasa siku hizo. "Bule," aliandika. "Bule. Bule kabisa, papa."

Julai hiyo ilikuwa kavu kuliko tulivyozoea. Nilifika Bwera mwisho wa mwezi nikamkuta amesimama karibu na nguzo kana kwamba anapokea wageni wa kanisa. Nilifungua chupa mwenyewe, nikaiinua kwenye mwanga. Vumbi, na mdudu.

"Iko namna ulitaka?" akauliza.

"Ndivyo nilivyotaka, mama."

Akanipa bakuli la mke wangu, zito, limejaa maharage hadi kifuniko kimevimba. "Hii ya mama wa Kasese," akasema. Kisha akaigusa chupa kwa kidole kimoja, akakitoa haraka. "Na ile iko ya daktari. Umwambie sikuongeza kitu."

Kwenye kizuizi alikuwapo askari yule yule. Akanitambua, au aliitambua chupa.

"Leo mvua iko wapi?"

"Hakuna, afande."

Akaigeuza chupa juu chini, akaitikisa sikioni. "Sasa umeanza kusema ukweli," akasema. "Pita."

Jioni, nyumbani Rukoki, nilimpa mke wangu bakuli, nikaifuta vumbi chupa ya Bwera, nikaiweka juu ya mizani. Uzito wake ulikuwa ule ule niliokuwa nimeiacha nao. Nikauandika.